Vipande Thelathini na Kimoja vya Kisiwa

Nimefundisha jiografia kwa miaka kumi na tisa na sijawahi kuiona bahari. Nitakuchorea ghuba, rasi na mikondo ya maji moto, wanafunzi wangu wataandika yote bila kosa, kisha kengele italia na sote tutatoka nje kutazama mahindi. Hapa Eldoret tuko juu, zaidi ya mita elfu mbili. Bahari kwetu ni rangi ya buluu ndani ya atlasi, na atlasi za shule yetu zimeshikwashikwa mpaka hiyo buluu yenyewe imekuwa kijivu.

Kwa hiyo siku kisiwa kilipoingia katika familia yetu, hakikunikuta tayari.

Kilikuja kwa simu. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, alikuwa na mwaka wa sita huko Ufaransa, katika jimbo la Bretagne, ile pembe ya magharibi iliyojitokeza baharini. Watu wakisikia binti wa Eldoret yuko Ulaya, swali la kwanza ni anakimbia mbio gani. Wetu hajawahi kukimbia maishani mwake, isipokuwa kukimbilia chapati. Alienda na cheti chake cha uuguzi, akapata kazi ya kutunza wazee katika mji mdogo wa bandari. Sasa alinipigia kunieleza kwamba amepata mchumba, mkulima wa viazi, na kwamba mchumba huyo anaishi kisiwani. Kisiwa kinaitwa Batz, na kiko ng'ambo tu ya mji wake, mwendo wa robo saa kwa boti.

"Mwambie Mama," akasema.

"Mwambie wewe. Si ndio unaolewa?"

"Wewe ndio dada mkubwa. Na Mama akikataa, mimi siolewi. Nimeshamwambia huyu kijana hivyo."

Nilijua hatanii. Baba yetu alizikwa yeye akiwa huko, hati zake za kusafiria zikiwa zimekwama, akayatazama mazishi kwenye simu iliyokuwa ikikatikakatika. Tangu siku hiyo aliapa kwamba hatafanya jambo lingine kubwa bila Mama. Basi furaha yake yote ikawa inasubiri neno moja kutoka kwa mwanamke mmoja huko Cheptiret, na mwanamke huyo si mwepesi wa kutoa maneno.

Nilipanda boda kutoka mtaa wa Pioneer, nilikopanga nyumba tangu niachane na ndoa yangu, nikashika gari la kwenda Cheptiret. Nyumbani kwetu ni nyuma ya soko, mbali kidogo na barabara kuu ya Nakuru, ekari tano alizonunua Baba kwa jasho lake: mahindi, viazi, ng'ombe watatu na mbwa mmoja asiyejua kazi yake. Nilimkuta Mama akipukuchua mahindi. Nikaeleza yote bila kupumua. Hakuuliza kama kijana ni mzuri. Hakuuliza kama anaenda kanisani. Aliuliza, "Hao watu wako na shamba?"

Hili halikunishangaza. Kwetu, mtu akija kuomba binti, kabla mazungumzo ya mahari hayajafunguliwa, wazee wetu humuuliza watu wake ni akina nani na shamba lao liko wapi. Na Mama ana sababu zake zaidi ya hizo za wazee. Alizaliwa kule Mkoa wa Kati, kwetu Wakikuyu, ambako babu alikuwa na mashamba madogo madogo: moja bondeni, moja karibu na mto, lingine juu mlimani. Siku za Dharura, wakati wa vita vya Mau Mau, babu akiwa kizuizini, wakoloni walikuja na kamba na ramani wakaunganisha vipande vya kila mtu viwe shamba moja. Babu aliporudi alionyeshwa shamba lake jipya kwenye karatasi. Lilikuwa mwamba mtupu. Ndiyo sababu walihamia huku Bonde la Ufa kufanya vibarua, na ndiyo sababu Mama amekua akiamini mambo mawili: kwamba ramani ni karatasi ya kunyang'anyia watu, na kwamba mwenye shamba la vipande vipande ni maskini anayengoja kudhulumiwa.

"Nichoree hiyo kisiwa," akaniambia. "Wewe si ndio mwalimu? Na usiniletee ya kitabu. Nataka ya ukweli."

Nikapewa majuma mawili.

Majuma hayo mawili, kusema kweli, niliyafurahia kuliko likizo. Kila jioni, nikishamaliza kusahihisha madaftari, mdogo wangu na mchumba wake walinipigia simu ya video wakitembea kisiwani, nami nikiwa mezani na kalamu. Niliwaongoza kama wanafunzi wa ziara. Geuza simu kaskazini. Nionyeshe huo mwamba. Hapo kuna udongo gani? Kijana alikuwa mtu wa maneno machache na mashavu mekundu, lakini ukimuuliza habari za udongo, ulimi ulimfunguka. Alichota konzi ya mchanga mweusi akauleta karibu na kamera mpaka skrini yangu yote ikawa giza.

Kisiwa chenyewe ni kidogo ajabu. Urefu wake ni kama kilomita tatu na nusu, upana kilomita moja na kitu, na watu wake ni karibu mia tano. Mimi nina wanafunzi wengi kuliko hao. Hakuna mlima, sehemu yake ya juu kabisa ungeifikia bila kuhema. Upande wa magharibi kuna mnara wa taa uliojengwa karibu miaka mia mbili iliyopita, kwa sababu upande huo miamba imejificha chini ya maji na imezila meli nyingi. Baridi kali haifiki, maana mkondo wa maji ya uvuguvugu unapita karibu. Nimefundisha mkondo huo mara ngapi! Nimeuchora kwa chaki nyekundu, nimewakata watu maksi kwa kuusahau, na siku hiyo ndiyo nilielewa kazi yake: unafanya viazi vya kisiwani viwahi kukomaa kuliko vya bara, vikafika sokoni wengine bado wanapalilia. Nilifurahi peke yangu hapo mezani mpaka jirani akagonga ukuta.

Halafu kuna maji kupwa na kujaa. Bahari ya huko hushuka mpaka boti haziwezi kufika zilipokuwa asubuhi, abiria wakalazimika kutembea juu ya gati refu kuzifuata. Mdogo wangu alinionyesha mahali palepale saa mbili tofauti. Kwanza maji matupu. Baadaye mchanga, mawe, na mwani wa kahawia umelala kila mahali. Huo mwani ndio mbolea yao tangu zamani. Baada ya dhoruba walikuwa wakishuka ufukweni na mikokoteni ya farasi kuuzoa, wakautandaza mashambani.

Na historia yao ina vituko. Wanasema hapo kale paliishi joka lililokula watu na mifugo. Akaja mtakatifu mmoja kutoka ng'ambo, akalifunga shingoni kwa kitambaa chake cha kanisani, akaliongoza kama mbuzi mpaka kwenye miamba ya kaskazini, akaliamuru liruke baharini. Shimo liliporukia wanalionyesha wageni hadi leo. Kanisa lake la zamani lilifukiwa na mchanga, likabaki magofu. Baadaye wanaume wote wa kisiwa wakawa mabaharia. Waliondoka kwa miezi, wengine kwa miaka, wengine moja kwa moja. Waliobaki kulima, kuvuna, kuzoa mwani na kulea walikuwa wanawake.

Niliandika yote. Kisha nikauliza swali la Mama, na kijana akajibu kwa fahari: hekta nne.

Nikapiga hesabu: ekari kumi! Mara mbili ya zetu. Nilikuwa karibu kucheza.

"Ziko vipande thelathini na kimoja," mdogo wangu akaongeza.

"Vipande gani?"

"Vipande. Kimoja hapa, kingine kule karibu na kanisa, kingine nyuma ya mnara. Vingine ni kama uwanja wa netiboli. Kila mtu kisiwani ako hivyo."

Nilimwona Mama wazi, ametua kikapu, ananiangalia. Vipande thelathini na kimoja! Babu yangu alikuwa na vitatu na vilimponyoka. Mdogo wangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama ataelewa?"

"Mama hataambiwa," nikasema.

Huu ndio ukweli wangu na ninauandika hapa nijionee aibu mwenyewe. Mimi, ninayewakata wanafunzi alama kwa ramani isiyo na skeli, nilichora ramani ya uongo. Mtu wa kwingine labda angedanganya juu ya dini ya kijana, au juu ya pombe. Mimi nilidanganya juu ya mipaka ya shamba la viazi.

Somo lilifanyika Jumapili baada ya kanisa, jikoni kwa Mama, ramani ikiwa imechorwa nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, pembe zake zimekandamizwa kwa viazi vinne. Nilikuwa nimekipaka kisiwa rangi. Upande wa mashariki nikachora shamba moja kubwa la kijani, la mraba, limenyooka kama daftari.

Mama aliinama juu yake kwa muda mrefu.

"Hii kisiwa iko na mto?"

"Haina, Mama."

"Sasa hawa watu wanakunywa nini?"

"Kuna paipu ya maji inatoka bara. Inapita chini ya bahari."

"Chini ya bahari! Na ikipasuka?"

"Wanaitengeneza."

"Nani anashuka huko chini kutengeneza?" Hakungoja jibu. "Mbolea?"

Nikaeleza habari za mwani. Alisikiliza kwa makini kuliko alivyowahi kumsikiliza mhubiri yeyote. Alitaka kujua kama chumvi haiunguzi mimea, kama unaoshwa kwanza au unatandazwa hivyohivyo, na kama unanuka. Nilipofika kwenye joka, alicheka mpaka akafuta macho. "Huyo mtakatifu angekuja Cheptiret," akasema, "tuko na madalali wa shamba hapa." Kisha akaweka kidole juu ya mraba wangu wa kijani.

"Hii ni yao?"

"Ndiyo. Ekari kumi."

"Pamoja?"

"Pamoja," nikasema.

Mama akanyoosha mgongo. "Basi si watu ovyo. Waje tuonane."

Nilimpigia mdogo wangu nikiwa bado njiani, akapiga kelele ya furaha iliyomfanya dereva ageuke. Lakini usingizi wangu siku zilizofuata haukuwa mzuri. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na urefu wa safari moja ya ndege.

Walikuja watatu: mdogo wangu, kijana, na mama yake. Mama huyo alikuwa mjane wa baharia, mfupi, mkavu, mwenye mwendo wa kasi na mikono mikubwa kuliko ya mwanawe. Alikuwa amefunga safari na mfuko wa viazi vya mbegu kama zawadi, wakaguzi wa uwanja wa ndege wakavizuia, kama sheria inavyotaka, na hasira ya jambo hilo bado alikuwa nayo alipofika Cheptiret. Mama aliposimuliwa kisa hicho, alimshika mgeni mkono na kutikisa kichwa kwa uchungu wa kweli. Viazi vya mbegu si mchezo.

Tulikuwa tumeandaa kila kitu. Ndugu yangu wa katikati, mvulana pekee kwetu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mtaa wa Huruma, alileta viti na turubai. Baba mdogo, ndugu ya marehemu Baba, alivaa koti na kofia kwa sababu yeye ndiye msemaji wa ukoo. Jirani yetu Mkalenjin alileta kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa yenye majivu ya mti, nasi tukamwonya mgeni kwamba ladha yake inahitaji kuzoewa. Mgeni akaonja. Akaonja tena. Kisha, mbele ya umati wote, akachukua kiazi cha kuchemsha, akakiponda kwenye sahani, akamimina mursik juu yake na kula kwa kijiko huku amefumba macho. Kwao, mdogo wangu akatafsiri, viazi na maziwa ya kuganda ndicho chakula cha jioni tangu enzi za bibi zao. Jirani alifurahi kana kwamba ameolewa yeye.

Mambo yalikuwa yananyooka. Nilianza kupumua. Halafu Baba mdogo akavua kofia, akakohoa, akasema lile tunalolisema sote.

"Tumewakaribisha vizuri. Sasa mtuambie, kabla hatujaendelea. Shamba lenu liko wapi, na liko namna gani?"

Nilimkanyaga mdogo wangu chini ya meza. Alikuwa ameshaanza kutafsiri. Na kijana, ambaye tangu asubuhi alikuwa akitafuta nafasi ya kuwa na faida, akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nane, akaitandaza juu ya meza. Ilikuwa ramani halisi ya mashamba ya kisiwa, yenye mipaka yote, na vipande vyao alikuwa amevipaka rangi ya kijani kwa penseli, kimoja kimoja, kwa upendo. Vilitapakaa kisiwa kizima.

Mama akavaa miwani. Aliviona. Akaanza kuvihesabu kwa kidole, akapoteza hesabu, akaanza upya.

"Mwalimu," akasema bila kuinua kichwa. "Hii ni nini?"

Mdogo wangu alikuwa ameshika kiti kwa mikono yote miwili. Nilijua kwamba kama Mama atasimama sasa aingie ndani, yote yamekwisha, na nitakuwa nimeyamaliza mimi.

Hakusimama. Alimgeukia mama wa kisiwani. "Muulize," akamwambia mdogo wangu. "Nani aliwakatakata hivi? Ni serikali?"

Yule mama alipotafsiriwa alicheka, kicheko kifupi. "Hapana. Ni mama zetu."

Akasogeza kiti chake karibu na cha Mama na kuweka kidole juu ya ramani. Hiki, karibu na kanisa, kilitoka kwa mama yake mzazi. Hivi viwili ni vya bibi, aliyezoa mwani mpaka akiwa na miaka themanini. Hiki chembamba aligawana na dada yake, wakapima kwa hatua, na dada alikuwa na miguu mirefu. Hivi vililetwa na mumewe. Huko kwao mzazi akifa, kila mtoto hupewa sehemu yake, mvulana na msichana sawasawa, na akifa huyo, watoto wake nao hugawana. Ndiyo maana vimekuwa vidogo. Trekta linahangaika kugeuka, wanalalamika kila mwaka, lakini hakuna anayesema mtoto fulani asipewe.

"Na hiki?" Mama akauliza. Kilikuwa kidogo kuliko vyote, ukingoni kabisa, karibu na mchanga.

"Hicho kilikuwa cha shangazi yangu. Hakuolewa. Alilima hapo maisha yake yote, akala viazi vyake mwenyewe, hakumwomba mtu."

Mama alikitazama kipande hicho muda mrefu kuliko vingine.

"Na wasichana wanapewa tu?" Baba mdogo aliuliza, akiwa na wasiwasi. "Hata wale wataolewa?"

Mgeni alimtazama kama mtu aliyeuliza iwapo ng'ombe hunywa maji. "Wanaume walikuwa baharini," akasema. "Anayelima asipewe shamba, sasa apewe nani?"

Baba mdogo akavaa kofia yake tena.

Mama akainuka. Tukashtuka. Akamshika mgeni mkono, wakatoka nje wawili, bila mkalimani. Tukabaki tukichungulia dirishani. Waliingia kwenye viazi. Mama aling'oa shina moja, mgeni akapiga magoti akachukua udongo wetu mwekundu, akaunusa, akaufinyanga, akasema jambo kwa Kifaransa. Mama akamjibu kwa Kikuyu. Waliendelea hivyo, kila mtu na lugha yake, wakielekezana kwa mikono, wakafika mpaka kwenye ukingo wa mahindi ambako mimi hulima vitunguu vyangu vya wikendi, wakasimama hapo pia. Kijana alinitazama kwa macho ya huruma. Sikujua ananihurumia mimi au anajihurumia mwenyewe.

Waliporudi, magoti yao yote manne yalikuwa mekundu. Mama hakuketi.

"Mimi nimekubali," akasema.

Mdogo wangu alipiga ukelele, ndugu yangu akaanza kupiga makofi, na Mama akainua mkono.

"Ngojeni, sijamaliza. Huyu mama ako na shamba aliyopewa na mama yake. Sasa akiniuliza binti yangu anatoka kwangu na nini, nitamwambia nini? Anatoka na sufuria? Mtoto wangu hataenda kwa watu kama hawa mikono mitupu. Nitamkatia yake kwanza, hapa, ndio aende."

Mnajua mambo yalivyo. Katiba ilishasema zamani kwamba binti hurithi sawa na kaka yake, nasi sote tuliipigia makofi, lakini Katiba inakaa Nairobi na ekari tano ziko Cheptiret. Sikumbuki hata siku moja mtu nyumbani kwetu kuuliza shamba litakuwa la nani. Lilikuwa la ndugu yangu, na yeye alikuwa ameshachagua mahali karibu na barabara pa kujenga vyumba vya kukodisha.

"Mama," Baba mdogo akaanza kwa upole, "msichana hupata shamba kwa bwana yake."

"Na akirudi?" Mama akauliza. "Huwa anarudi wapi? Kwa hewa?"

Niliangalia vidole vyangu. Sote tulimtazama ndugu yangu, kwa sababu urithi uliokuwa unakatwa ulikuwa wake. Alisugua kidevu. Mtu wa biashara hatoi jibu la haraka, na uso wake ulionyesha vile vyumba vikibomoka kimoja kimoja kabla havijajengwa.

"Ni shamba yako, Mama," akasema hatimaye. "Sisemi imenifurahisha. Lakini kamba iko dukani. Nitaleta."

Mdogo wangu alimkumbatia akilia, na kofia ya Baba mdogo ikaanguka chini. Mama alipita karibu nami akielekea jikoni, akasema bila kusimama, "Na wewe, tutaongea."

Jumamosi iliyofuata wageni walikuwa wameshuka mjini kutembea na mdogo wangu, tukabaki sisi wenyewe. Ndugu yangu alileta kamba na vigingi. Mama alileta jembe, panga, na kikapu cha yale maua ya yungiyungi ambayo watu wa Kati hupanda kwenye mipaka, yale yenye kiazi kirefu ardhini, ambayo hata ukiyakata huota palepale. Kila mtu wa kwetu anajua kwamba ua hilo haling'olewi ovyo. Alikuwa ameyachimbua alfajiri kutoka kwenye mpaka wa zamani. Tulipima nusu ekari ya mdogo wangu, mimi upande mmoja wa kamba, ndugu yangu upande wa pili, Mama akipanda ua kila baada ya hatua kumi. Nilikuwa na furaha kwa ajili yake, furaha safi kabisa. Pia nilikuwa nangoja karipio, na nilijua litakuja.

Lilikuja tulipofunga pembe ya mwisho.

"Ulinichorea uongo," Mama akasema.

"Ndiyo, Mama. Nisamehe. Niliogopa utakataa."

"Ningekataa." Alifuta panga kwenye nyasi. "Ningekataa kabisa. Lakini ukinidanganya juu ya shamba tena, miaka yako arobaini na sita, nitakuchapa mbele ya wanafunzi wako."

"Sawa, Mama."

"Shika kamba."

"Mama, si tumemaliza?"

"Tumemaliza ya mdogo wako."

Akachukua kikapu, akaanza kutembea kuelekea kwenye vitunguu vyangu. Ndugu yangu alikuwa amesimama na vigingi vinne vipya mkononi, akijifanya anaangalia mawingu. Alijua tangu asubuhi. Mimi sikuweza kusogea. Miaka kumi na miwili tangu nirudi na mtoto na sanduku moja, kila wikendi nimekuja kulima ukingo ule kwa ruhusa, nikikaa tayari kuambiwa niupishe, nikivuna upesi kuliko inavyotakiwa. Sikuwahi kuomba. Sikujua kwamba nilikuwa nimetaka.

Nililia hapohapo, kwa sauti, kamba ikiwa mkononi. Mama alipiga magoti kwenye udongo, akachimba shimo la kwanza, akageuka akaninyooshea ua.

"Utalia ukimaliza," akasema. "Njoo upande maua yako mwenyewe, jua linachoma mizizi."